Barua Uchi ya Bondeni

Watu mia tatu na kumi na wawili nusura wafe kwa sababu ya adabu, na mimi nilikuwepo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda Adabuni kustarehe. Nilifikaje huko si hoja. Anayetaka habari za njia na awaulize wenye njia. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Nimepokea na kutuma barua za serikali ya kwetu kwa miaka ishirini na sita, nimegonga mihuri hadi kiganja kikaota sugu, na nilijiona mtu ambaye hakuna barua duniani ingeweza kumshtua. Kumbe nilikuwa sijaona kitu!

Adabuni ni nchi safi na watu wake ni wapole kupita kiasi. Sheria yao ya kwanza, ambayo kila mtoto huikariri shuleni, inasema kwamba kumwambia mtu jambo moja kwa moja ni sawa na kumpiga kofi. Kwa hiyo barua yoyote ya serikali lazima ivae. Fundi, bwana afya au mkaguzi wa barabara akiandika jambo lake, maneno yale huitwa mwili, na mwili hauruhusiwi kutoka nje bila nguo. Kwanza hupelekwa kwa karani aliyefungwa kitambaa machoni, naye huukata vipande kwa mkasi na kuvipanga kwa kupapasa, ili umbo lake lisije likamshtua mtu. Kisha vipande hupitishwa katika ofisi kumi na moja, na kila ofisi hupachika kurasa zake katikati ya vipande, chache au nyingi kadiri ya cheo cha mwenye ofisi. Kuongeza ni wajibu, kupunguza ni jinai, na kusoma kurasa za ofisi iliyotangulia ni kuchungulia, jambo ambalo ofisa mwenye heshima zake halifanyi. Barua inayomfikia mwananchi kama ilivyozaliwa huitwa barua uchi. Aliyeiandika hufungwa miaka mitatu.

Niliposikia haya nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka ni mara ngapi mimi mwenyewe nimeandika "tafadhali husika na mada tajwa hapo juu" hali hapo juu hapakuwa na mada yoyote ya maana. Nyani haoni kundule. Nikaomba nipelekwe kwenye ofisi ya kumi na moja, ile ya mwisho, nijionee.

Huko nilipokewa na Bwana Tungaraza, Mvishaji Mkuu wa Barua, mtu mwembamba wa suti ya kijivu na sauti laini. Salamu zetu zilichukua muda wa kuiva maharage. Aliniuliza hali ya wazazi wangu, nikamwambia walishafariki, akaniuliza tena hali yao kwa namna nyingine. Mezani kwake palikuwa na barua iliyofungwa utepe wa kijani, nene kama mkate wa boflo.

"Hii inakwenda Bondeni," alisema kwa fahari. "Nipo nayo siku ya nne sasa."

"Inahusu nini?" nikauliza.

Karani aliyekuwa pembeni aliziba masikio. Bwana Tungaraza alitazama chini, akanyoosha tai yake.

"Mgeni wetu, hukujua, basi nakusamehe. Hilo si swali la kuulizana watu wazima mchana kweupe."

"Lakini Bwana, kama wewe hujui inahusu nini, huko Bondeni watajuaje?"

"Kila wilaya ina wachimbaji. Wana leseni. Wao ndio wanaoruhusiwa kuchungulia, wakautoa mwili na kuwaambia watu kwa maneno ya staha."

"Na mchimbaji akikosea?"

"Barua za serikali hazikosewi," alinijibu kwa upole ule ule. "Tatizo langu ni jingine kabisa. Natafuta namna ya kuwataja watu wa Bondeni. Nimepata 'wenye mashamba mabichi', lakini naiona fupi mno. Haina heshima."

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ninaloliandika linanichoma. Ule ukarani wa miaka ishirini na sita ulinipanda kichwani. Nikamwambia, "Bwana, kwa nini usiseme 'wakulima hodari wa bonde lenye rutuba, ambao jasho lao ndilo umande wa taifa'?" Alisimama akapiga makofi. Alinikumbatia. Akaketi kulikuza wazo langu hadi likawa kurasa tatu, na barua ikalala mezani kwake siku ya tano. Mimi nilitoka pale nikiwa nimevimba kichwa, nikaomba ruhusa ya kufuatana na tarishi wake hadi Bondeni ili niisikie sentensi yangu ikisomwa.

Tulifika Jumatano saa mbili asubuhi. Bondeni ni kijiji kimoja kirefu kando ya mto, na kwa mbali upande wa juu unaliona bwawa la serikali, ukuta mweupe kati ya milima miwili. Tarishi aliibeba barua kichwani juu ya sinia hadi kwenye banda la wachimbaji. Wachimbaji walikuwa wawili. Mzee Kondo, mwenye miaka arobaini katika kazi hiyo, alikuwa na kitambi na sifa njema. Mwenzake alikuwa Bi Sikudhani, binti wa mdogo wake, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Kurasa zilikuwa sitini na tatu. Mwishoni kabisa palikuwa na jina la aliyeuandika mwili: Athumani Kigwe, fundi wa bwawa.

Nilikaa nao kuangalia, na nakwambia kweli, sijapata kuona kazi tamu kama ile. Mzee Kondo alisoma kila sentensi kwa sauti, akifumba macho, kisha akajiuliza: "Nikiiondoa hii, nani ataona vibaya?" Ikiwa kuna wa kuona vibaya, aliiweka. Kufika saa nne alikuwa ameweka karibu zote alizokwisha kuzisoma. Alikuwa amekuta kurasa tano za ofisi ya sita zinazosifu ukarimu wa Bondeni, mapishi yao na ngoma zao, na kati ya sifa hizo alikuwa amekuta kipande kisemacho "Jumatano saa tisa alasiri". Akapiga goti lake kwa furaha.

"Imetoka! Leo saa tisa anafika mgeni mkubwa kutoka mjini, na ametaja pilau!"

"Baba Mkubwa, pilau imetajwa na nani?" aliuliza Bi Sikudhani bila kuinua macho.

"Ukurasa wa ishirini na nne, mwanangu. 'Mapishi yenu yanayonukia hadi makao makuu.' Unataka akwambie nini zaidi, akutumie bakuli?"

"Fundi wa bwawa anahusika nini na pilau?"

"Fundi naye mtu. Anakula."

Mzee Kondo alitoka nje akatangaza, na Bondeni yote ililipuka kwa shangwe. Mbuzi sita walichinjwa. Njia zilifagiwa, masufuria yakatelekwa, ngoma zikawekwa juani ziwambike. Mama mmoja mpishi, Bi Tatu, mnene na mcheshi, alinitia mwiko mkononi nikoroge, nami nikakoroga. Ilikuwa sherehe nzuri. Nilikuwa nangoja tu sentensi yangu isomwe mbele ya mgeni nijulikane.

Lakini Bi Sikudhani hakutoka bandani. Niliporudi kumwita nilimkuta ametandaza kurasa zote sakafuni, anatembea juu yake kwa magoti. Yeye alikuwa na swali lake mwenyewe, tofauti na la baba yake mkubwa. Kwa kila sentensi aliuliza: "Nikiiondoa hii, nani ataumia?"

"Hii ya umande wa taifa," alisema, akaisukuma pembeni. "Nikiiondoa, nani ataumia?"

Nilitaka kusema mimi.

Nikapiga magoti nimsaidie. Jamani, lile joto lililonishika! Ilikuwa kama kutafuta sindano ambayo unajua mtoto yuko karibu kuikanyaga. Tukatupa salamu, tukatupa shukrani, tukatupa dua, tukatupa kurasa nne zinazoeleza kwa nini ofisi ya tatu haikuwa na la kuongeza. Kufika saa sita tulipata kipande: "ukuta wa bwawa umepasuka". Bi Sikudhani akaanza kusoma mara mbili ya kasi ya kwanza. Kipande kingine: "ukianguka utaua vijiji saba". Kingine, ukurasa wa thelathini na nane: "kwa hiyo sina budi, milango yote". Sentensi iliishia hapo. Baada yake zilifuata kurasa tatu za wakulima hodari wa bonde lenye rutuba. Nilizijua. Nilizigeuza, moja, mbili, tatu, na ng'ambo yake tukakuta: "itafunguliwa". Chini ya hapo, chembamba kama uzi: "watu wote wa Bondeni wawe kilimani kabla".

Nje ngoma zilikuwa zimeanza.

Mchimbaji hutakiwa kuutoa mwili kwa maneno ya staha, na maneno ya staha huchukua nusu siku. Bi Sikudhani hakuwa na nusu siku. Ilikuwa saa saba na nusu. Alichukua kaa la moto lililozimika jikoni kwa Bi Tatu, akaenda kwenye ukuta uliopakwa chokaa wa banda lao, akaandika kwa herufi kubwa kama mbuzi:

LEO SAA TISA MAJI YA BWAWA YANAFUNGULIWA. PANDENI KILIMANI SASA HIVI.

Nilitegemea watu watimue mbio. Badala yake akina mama waliwafumba watoto macho kwa kanga. Wazee waligeuza nyuso. Kijana mmoja alicheka kile kicheko cha kuona lisilopaswa kuonekana, akapigwa kibao na shangazi yake.

"Salamu iko wapi?" aliuliza Bi Tatu, mikono kiunoni. "Sikudhani, serikali gani hii isiyosalimia?"

"Maji hayasalimii, Bi Tatu! Barua inasema bwawa limepasuka."

"Barua ya mistari miwili? Mimi fundi baiskeli wangu ananiandikia zaidi ya hivyo. Serikali ikitaka kutuambia jambo kubwa, itatuambia kwa ukubwa wake."

"Mwanangu," Mzee Kondo alisema, na macho yalikuwa yamemlowa, "umenivua nguo mbele za watu. Miaka arobaini!"

Nikaingilia. Nilipiga kelele hadi mishipa ikanitoka. Nikawaambia nimeziona kurasa, nimezishika, kurasa tatu zimetoka kwenye sentensi yangu mwenyewe na ndizo zilizowafichia jambo! Wakasikitika. Wakasema mgeni amechomwa na jua, apewe maji ya ndimu. Na hapo ndipo nilipoielewa nchi ile. Kwa miaka mingi wamefundishwa kwamba jambo likiwa wazi haliwezi kuwa la serikali, wakafaulu somo, na sasa somo lenyewe lilikuwa linawashika miguu.

Saa nane na robo vigelegele vikapanda. Bwana Tungaraza alikuwa anaingia kijijini na askari wawili, maana desturi yao ni kwamba mvishaji wa mwisho hufuata barua yake ili asifiwe. Bondeni haikujua hilo. Bondeni ilimwona mtu wa suti kutoka mjini. Mgeni amefika! Mzee Kondo alipata kweli! Mgeni alikalishwa kwenye kiti cha enzi cha mianzi, akavishwa shada la maua, na Bi Tatu alimpa jicho la ushindi Bi Sikudhani, huku pilau ikipakuliwa.

Bwana Tungaraza akauona ukuta. Aligeuka haraka, akafunika macho kwa kiganja.

"Nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi, Bwana," Bi Sikudhani alijibu. "Nifunge. Miaka mitatu si mingi. Ila kwanza usikilize barua yako."

"Mimi sichungulii, mama."

"Huchungulii. Mimi nina leseni, mimi nasoma, wewe una masikio tu."

Askari walikuwa wameshamshika mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa na vipande vyake, karatasi sita zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri wa makao makuu, zenye muhuri wa utepe wa kijani. Hazikuwa kaa la jikoni hizi. Akasoma mfululizo, akaruka yote yaliyokuwa katikati.

"Ukuta wa bwawa umepasuka. Ukianguka utaua vijiji saba. Kwa hiyo sina budi, milango yote itafunguliwa Jumatano saa tisa alasiri. Watu wote wa Bondeni wawe kilimani kabla. Athumani Kigwe, fundi wa bwawa."

Bwana Tungaraza alishusha kiganja. Niliona midomo yake ikihesabu, na nilijua anahesabu nini, kwani na mimi nilikuwa nahesabu hizo hizo: siku tano mezani kwake. Alitazama saa yake. Alitazama lile bwawa jeupe juu kule. Kisha alisimama juu ya kiti cha mianzi, na kijiji kizima kikatandika kanga chini kikae kumsikiliza, maana salamu za mtu wa cheo chake huchukua nusu saa na hakuna anayezikatiza.

"Kimbieni!" alisema.

Mvishaji Mkuu wa Adabuni, mbele za watu, mchana, bila habari za asubuhi wala za nyumbani wala za mashamba! Mwiko ulimtoka Bi Tatu mkononi ukaanguka mchangani. Naapa sijasikia neno zuri kama lile maisha yangu yote. Walikuwa wameukataa ukuta na maneno yake ya kaa, wakanikataa na mimi na makelele yangu, lakini walijua kwamba mtu yule hawezi kulivua neno vile isipokuwa kifo kiko mlangoni.

Wakakimbia. Walikimbia na watoto migongoni, na wagonjwa juu ya vitanda vya kamba, na kuku kwapani. Askari walimwachia Bi Sikudhani wakabeba vikongwe. Mzee Kondo miguu ilimgoma katikati ya mteremko, na aliyerudi kumchukua alikuwa Bwana Tungaraza, ambaye alimpandisha mgongoni akakwea naye kilima kizima, suti imechanika bega, shada la maua bado shingoni. Mimi nilibeba watoto mapacha wa mtu ambaye hadi leo sijui jina lake. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto mmoja alikuwa ananivuta sikio.

Saa tisa kamili tukasikia mngurumo. Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yakaingia Bondeni kwa upande wa juu na kutokea upande wa chini, na tulipotazama tena hapakuwa na banda wala ukuta, wala masufuria ya pilau. Bi Tatu alianza kuhesabu watu kwa majina, nyumba kwa nyumba. Alihesabu mara tatu. Wote mia tatu na kumi na wawili walikuwepo, na alipomaliza alimfuata Bi Sikudhani, akaishika mikono yake yenye masizi, akaipangusa kwa kanga yake.

Bwana Tungaraza alikuwa ameketi kwenye jiwe. Alitoa karatasi na kalamu, kwa mazoea tu nadhani, maana sheria inadai taarifa.

"Nimwandikie nani?" aliuliza. Sikuwahi kumsikia akiuliza swali fupi vile.

Bi Sikudhani alionyesha bwawa. "Yule fundi. Amefungua maji bila kujua kama barua yake ilitufikia. Hadi sasa hajui ametuua au hakutuua. Jibu la serikali litamfikia baada ya mwezi."

Bwana Tungaraza aliandika mstari mmoja. Kalamu ikabaki hewani, ikizunguka zunguka mahali ambapo salamu ingekaa. Alinitazama mimi, mtaalamu wa umande wa taifa, aone kama nina la kuongeza. Nilifunga mdomo kwa nguvu zangu zote. Akatia saini.

Tarishi alinyoosha sinia, kwani barua zipandazo nazo huvaa, ofisi kumi na moja kama kawaida. Bi Sikudhani alimpita, akaichukua karatasi, akaikunja ndani ya kanga yake na kuanza kupanda mlima kwa miguu. Hakuna aliyemzuia. Nikamfuata.

Tulimkuta Athumani Kigwe chini ya magurudumu ya kufungulia milango ya bwawa, mtu wa makamo, mikono yote miwili mafuta matupu, amekaa ameligeuzia bonde mgongo. Hakugeuka tulipofika. Nadhani alidhani tumekuja kumkamata. Bi Sikudhani hakumsalimia. Alimpa karatasi.

*Watu wote wa Bondeni wako hai.*

Aliisoma mara moja tu, akalia kwa sauti kama mtoto.